Mifuko ya Siri ya Kinywa Safi

Nilikomea pale mzani ulipovunjika.

Aliyeikosa hadithi ya wiki iliyopita nitamwonjesha kidogo tu. Mimi ni fundi cherehani, na chumba changu cha kazi kiko mbele ya nyumba yangu mwenyewe. Mke wangu ni mwenyekiti wa Kinywa Safi, chama cha wanawake walioapa kwamba sukari haitapita tena midomoni mwao mpaka wanaingia kaburini. Mtaani wanamwita Mama Sumu, kwa sababu ya msemo wake: "Sukari ni sumu, na mpishi wake ni wewe."

Mdogo wake, shemeji yangu, naye ana chama. Kinaitwa Hesabu Kwanza. Yeye anasema sukari haina kosa, kosa ni wingi. Kula unachotaka, bora uhesabu kalori. Huyo tunamwita Bi Kikokotoo, na jina lenyewe analipenda.

Dada hawa wametoka tumbo moja na hawajawahi kukubaliana hata chumvi ya mboga. Walipeleka vyama vyao kwenye mzani mmoja wamalize ubishi, na mzani ukawaumbua wote wawili. Hakuna chama kilichopungua. Ndipo Katibu wa Kinywa Safi, mama mwenye mwili wake na sauti yake, alipoupanda ule mzani kwa hasira, na mshale ukaenda zake usirudi tena.

"Mzani una hila," akasema mke wangu.

"Hila tupu," akasema mdogo wake. Nilidhani nimesikia vibaya. Walikuwa wamekubaliana.

Wakaamua mashindano yawe ya nguo. Kila mwanachama atavaa gauni lake la mwaka jana mbele ya watu. Likimpwaya, amepungua. Likimbana, aibu yake na chama chake.

"Nguo haisemi uongo," akasema Bi Kikokotoo.

Mimi nilikuwa pembeni nakunywa maji. Nusura yanipalie.

Maana nguo inasema uongo, jamani. Inasema uongo vizuri kuliko mwanasiasa. Ninajua kwa sababu mwalimu wake ni mimi.

Sasa kuna jambo ambalo nimelipiga chenga wiki zote hizi, na leo halikwepeki. Kila gauni ninaloshona ninaacha kitambaa cha akiba ndani ya mshono wa ubavuni. Mteja akinenepa, unafumua, unaachia kile kitambaa, unashona tena, unapiga pasi. Gauni linakuwa pana na mwenyewe hana habari.

Mke wangu aliacha sukari kweli. Naomba mlishike hilo, kwa sababu mbele ya safari mtalihitaji. Chai aliinywa chungu huku amekunja uso. Siku moja nilimkuta ameshika biskuti ya mtoto wetu, anainusa tu. Akairudisha kwenye sahani, akatoka nje kulia. Mimi ndiye niliyemfuta machozi.

Ila katika sheria zake, kisicho na sukari hakina hatia. Siagi haina sukari, basi siagi ikaliwa kwa kijiko. Nyama ya mafuta haina sukari, basi ikaletwa mezani nusu ya mnyama. Mdogo wake alipomwambia siagi nayo ina kalori, alifukuzwa nyumbani kwetu kwa ufagio. Hiyo ilikuwa hadithi ya wiki ya pili.

Basi miezi ikapita, akatoa kabatini gauni lake la bluu. Zipu ikafika kiunoni ikagoma. Akakaa kitandani, mgongo wazi.

"Baba watoto, sijaonja hata punje."

"Najua."

"Sasa kwa nini?"

Mume mwenye uti wa mgongo angemwambia habari za siagi. Mimi nilimtazama yale mabega yake yalivyoshuka, roho ikaniuma. Alipokwenda sokoni nikafumua ubavu, nikaachia kitambaa chote. Aliporudi nikamwambia ajaribu tena, labda asubuhi tumbo lilikuwa na gesi.

Zipu ikapanda mpaka shingoni.

Mke wangu alitoka mbio mpaka barabarani, pekupeku, akawa anampa mgongo kila anayepita: "Tazameni! Tazameni zipu! Mungu yupo!" Wanawake wakamzunguka. Kabla jua halijazama Kinywa Safi kilikuwa kimeshapata mwenyekiti, katibu na mweka hazina.

Tangu hapo kila gauni lake limepita mikononi mwangu kwa siri. Akija kujua, sina mke. Ndilo lililokuwa linaninyima raha, na sikuwa na wa kumwambia.

Tangazo la mashindano lilipotoka, nikaanza kupata wageni mlango wa nyuma.

Wa kwanza alikuwa mtu wa Hesabu Kwanza. Hawa nao wana hesabu zao za ajabu. Asubuhi wanahesabu kila kitu mpaka mate. Mchana hesabu zinachoka. Ukionja chakula cha mtoto, kalori ni za mtoto. Akaniwekea gauni mezani.

"Fundi, niachie kidogo ubavuni. Bi Kikokotoo asijue."

Hajatoka vizuri, akaingia wa Kinywa Safi. "Fundi, niachie kidogo. Mwenyekiti asijue. Na tena, nishonee kamfuko ndani ya bitana. Kadogo tu. Ka kitambaa cha kufutia jasho."

"Kitambaa gani hicho kinachakarika?"

"Fundi, wewe shona."

Wakaja mmoja mmoja, wote na vitambaa vinavyochakarika. Katibu alitaka mifuko miwili, wa kushoto na wa kulia. Nikamuuliza kwa nini miwili.

"Wa kushoto ukiisha?" akanijibu, kama mtu anayemweleza mjinga.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Nilishona mifuko ya pipi kwa chama kizima cha wasiokula pipi, na mke wangu akiwa chumba cha pili anaandika hotuba ya kuwapongeza. Kuna wakati nilicheka peke yangu. Kisha nikawa namwonea huruma, nikaacha kucheka.

Wa mwisho kuja mlango wa nyuma alikuwa mama mkwe.

Mama mkwe anakaa kwetu, chumba cha uani. Ndiye kombe la mashindano haya, kwa sababu ndiye pekee aliyepungua kweli, na kila binti anadai ni kazi yake. Asubuhi mkubwa anamwondolea mkate, chai ya sukari na matunda. Matunda pia, kwa sababu yana sukari yake. Mchana mdogo anafika, anakitazama kilichobaki kwenye sahani, anakigawa.

"Mama, kula nusu. Hizo ni kalori nyingi kwa mtu anayekaa."

"Nikisimama?"

"Ukisimama, kula nusu na robo."

Basi mama mkwe akaketi kwenye kiti cha wateja, akafunga mlango kwa mguu.

"Baba, nishonee mfuko ndani ya gauni langu la kila siku. Upande mmoja vidonge, upande mmoja pipi."

"Hata wewe, mama?"

"Mimi siibi kama hao vigogo wenu. Nina kisukari. Muda mrefu sasa. Hospitali wananipa dawa, nameza."

Nikaiweka futi mezani. "Wanao hawajui?"

"Wakijua itakuwaje? Huyu atasema ni sukari niliyokula ujanani. Yule atasema ni wingi. Watanibishania mpaka kwenye jeneza. Mimi nataka kufa nikiwa mama yao, sitaki kufa nikiwa mfano wa hotuba."

"Na pipi ni za nini, kama una kisukari?"

"Dawa inashusha sukari. Nikimeza nisipokula vya kutosha, inashuka mno. Daktari kaniambia nikitetemeka na kutoka jasho, nitie kitu kitamu mdomoni upesi. Nikianza kuongea ovyo, usiniulize maswali. Nitilie."

"Mama, hili ni kubwa. Lazima tuwaambie."

Akauvuta upande wa gauni la bluu la mke wangu, lililokuwa limetundikwa hapo lipigwe pasi. Akapitisha kidole kwenye mshono wa ubavu, taratibu.

"Nimeshona miaka kabla hujazaliwa," akasema. "Uzi mpya huu. Nilijua siku ileile ya zipu. Mbona wewe hujamwambia?"

Nikaligeuza gauni upande wa pili.

"Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu," akasema, akacheka mpaka akakohoa. "Basi nishonee mfuko wangu, tunyamaziane."

Nikamshonea. Tukanyamaziana.

Siku ya mashindano nilitangulia ukumbini na sindano na pini, kurekebisha zipu za dakika za mwisho. Viti vilikuwa vimejaa. Kinywa Safi walikaa kulia, Hesabu Kwanza kushoto, katikati wakaacha njia pana kama maharusi wawili waliogombana. Jukwaani paliwekwa kipaza sauti na vioo viwili virefu.

Mama mkwe akaingia, bintiye mmoja kila upande.

Hakuwa amevaa gauni nililolishonea mfuko. Alikuwa amevaa gauni la ujana wake, la maua, lililotolewa kwenye sanduku la zamani. Nikamvuta pembeni mabinti walipokwenda kupanga foleni.

"Mama, gauni letu liko wapi?"

"Limetundikwa nyumbani. Wamenivua kama mtoto. Mkeo anataka watu waone nimerudi nilivyokuwa nikiwa msichana."

"Pipi?"

"Zimo ndani yake, ziko salama sana," akasema kwa kejeli.

"Umekula?"

"Huyu kasema leo hakuna mkate. Yule kasema nisubiri, tumbo lisivimbe jukwaani."

"Na vidonge?"

"Nimemeza."

"Twende nyumbani sasa hivi."

Akanikazia macho. "Nikiondoka watauliza kwa nini. Nitakaa kimya hapa kitini, yataisha. Nenda kafanye kazi yako."

Sikwenda kufanya kazi. Nilikwenda jikoni kutafuta chochote kitamu. Kulikuwa na chai chungu, mayai ya kuchemsha na sinia la siagi. Kufuata za nyumbani ningechelewa, nikavuka barabara kwenda dukani, nikakuta mlango umefungwa. Mke wangu alikuwa amemwomba mwenye duka afunge mpaka sherehe iishe, wanachama wasijaribiwe.

Nikamfuata Katibu.

"Katibu, nisaidie pipi moja."

Alinitazama kana kwamba nimemwomba figo. "Pipi? Mimi?"

"Katibu, mifuko hiyo nimeishona mimi."

"Ya vitambaa," akasema kwa sauti, ili jirani yake asikie. "Fundi, usinichafulie jina. Mwenyekiti mwenyewe ni mkeo." Akageuka, na alipogeuka akachakarika.

Ningemweleza ni ya nani, angenipa. Lakini nilikuwa nimemwahidi mama mkwe. Nikajiambia labda atavuka salama. Huo ndio ujinga wangu wa siku hiyo, na sijausamehe.

Maonyesho yakaanza. Akapita wa Kinywa Safi, gauni limempwaya. Makofi. Akapita wa Hesabu Kwanza, gauni limempwaya. Makofi. Akapita mwingine, na mwingine, wote wanapwaya, wote wanazunguka mbele ya kioo wanajishangaa. Katibu alipopita, gauni lilipepea. Nilikuwa nimemwachia kila nilichokuwa nacho na kipande cha shuka.

Vyama vyote viwili vilikuwa vimeshinda. Hilo halikumfurahisha mtu.

"Wenu wamefunga kula tangu juzi!" akapiga kelele mmoja wa kulia.

"Na wenu wamebana pumzi!" wakajibu wa kushoto.

Mke wangu akashika kipaza sauti. "Ndugu zangu, ubishi una dawa. Mama, njoo."

Mama mkwe akapanda jukwaani. Gauni la maua, alilolivaa akiwa msichana, lilikuwa linamning'inia kama limetundikwa kwenye msumari. Ukumbi mzima ukasimama kushangilia. Watu walipiga vigelegele kwa kumwona mwanamke mzee anayekwisha.

"Haya ndiyo matunda ya kuacha sukari!" akasema mke wangu, akamnyanyua mkono wa kulia.

"Unaongopa!" Bi Kikokotoo akaruka jukwaani, akamnyanyua wa kushoto. "Mama anakula kalori ninazompimia mimi! Mimi!"

Wakawa wanamvuta, huyu huku, yule kule. Mimi nilikuwa namtazama usoni. Paji la uso lilikuwa linang'aa. Vidole vilikuwa vinatetemeka. Akamgeukia mke wangu, akamdhania ni marehemu dada yake.

"Dada, umefunga mbuzi?" akauliza.

Watu wakacheka, wakidhani ni utani.

Kisha akasema, kwa sauti ndogo iliyoingia kwenye kipaza sauti na kwenda kila pembe: "Nipeni sukari. Jamani, sukari."

Mke wangu akameza mate, halafu nikaona hotuba inampanda. "Mmesikia? Mmesikia wenyewe! Miezi yote hii, na bado sumu inamwita! Mama, vumilia, ni uraibu unakutoka!"

Kinywa Safi wakapiga makofi. Wengine walilia kwa uchungu wa kuguswa, na mifuko imejaa.

"Mpeni tu, sukari si dhambi," akasema Bi Kikokotoo. "Ila kijiko kina kalori kumi na sita. Tutazikata kwenye chakula chake cha mchana."

"Kijiko cha kujaa au cha kusawazisha?" akauliza mwanachama wake kutoka chini, kalamu mkononi.

Nikapanda jukwaani. Sikumbuki ngazi.

"Mama ana kisukari!" nikapiga kelele. "Anatumia dawa! Sukari imemshuka mwilini! Anataka kitu kitamu sasa hivi!"

Mke wangu alinitazama kama mwendawazimu. "Ana kisukari halafu umpe sukari? Unataka kuniulia mama?"

"Imeshuka! Dawa imeshusha, na ninyi mmemnyima chakula! Nani ana pipi?"

Nikawageukia waliokuwa vitini.

"Jamani, nani ana pipi?"

Ukumbi ule ulikuwa na pipi za kufungulia duka, na hakuna mkono ulionyanyuka. Mmoja alitazama dari. Mmoja aliinama kufunga kiatu kisichokuwa na kamba. Katibu alikuwa anakagua kucha zake. Kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake aanze kuaibika. Magoti ya mama mkwe yakalegea, Bi Kikokotoo akamdaka, wakaketi chini pamoja.

Nikaogopa, halafu nikakasirika, sijawahi kukasirika vile. Nikasahau ahadi zote za mlango wa nyuma.

"Wewe wa gauni la kijani! Bitana ya kulia! Wewe wa kola nyeupe, chini ya kwapa! Wewe unayejificha nyuma ya nguzo, kwenye mkanda, mimi ndiye niliyeushona! Katibu! Kushoto na kulia!"

Wa gauni la kijani akaanza kulia. Akaingiza mkono kifuani, akatoa pipi, akairusha jukwaani. Kisha ule mchakaro ukaanza, safu kwa safu. Pipi, chokoleti, biskuti zilizovunjika. Mwanamke mmoja mwenye heshima zake, anayefungua mikutano kwa sala, akatoa sukari yenyewe, nyeupe, imefungwa kwenye karatasi.

Hiyo ndiyo niliyoidaka. Nikaikoroga kwenye kikombe cha chai chungu, nikapiga magoti. Mama mkwe alikuwa bado anaweza kumeza. Nikamnywesha kidogo kidogo, Bi Kikokotoo amemshika kichwa. Hakuhesabu kitu. Alikuwa anasema tu, "Mama, kunywa. Kunywa yote, mama."

Mtu akatoka mbio kutafuta gari la kwenda hospitali. Sisi tukabaki tunamtazama mama mkwe usoni, mpaka macho yakaanza kurudi. Akalitazama gauni la maua.

"Nani kanivalisha hili gunia?" akauliza.

Bi Kikokotoo akaangua kilio. Mimi nikakaa chini.

Nilipoinua macho nikamwona mke wangu. Alikuwa amekuja akamgusa mama yake shavu, akahakikisha anapumua vizuri, kisha akasimama. Sasa alikuwa anatazama pipi zilizotapakaa miguuni pake. Akawatazama wanawake wake, mmoja mmoja. Katika chama chake kizima, aliyekuwa hana kitu cha kurusha ni yeye peke yake.

"Wote?" akaniuliza.

"Wote."

"Na Katibu?"

"Mwenyekiti, mimi huwa nalamba tu," akasema Katibu kutoka chini. "Simezi."

Mke wangu hakumjibu. Nilimwona anafikiri, na nikatamani asifikiri. Watu wanamdharau kwa ajili ya siagi, lakini mke wangu ana akili kunishinda.

"Hawa wamekula sukari muda wote huu," akasema polepole. "Na nguo zimewapwaya."

Akawageukia wa kushoto.

"Wa mdogo wangu nao zimewapwaya."

Akauweka mkono ubavuni, kwenye gauni lake la bluu.

"Mimi sijaonja hata punje. Wewe ni shahidi yangu."

"Mimi ni shahidi."

"Hawa umewashonea mifuko, baba watoto. Mimi umenifanyia nini?"

Ningeweza kumdanganya. Maneno yalikuwa yapo, matamu, tayari. Mama mkwe alikuwa ananitazama kutoka sakafuni, naye hakunisaidia hata kwa ukope.

"Niliachia mshono," nikasema. "Ubavuni."

"Hili?"

"Yote."

"Siku ile ya zipu?"

"Siku ile ndiyo ya kwanza. Ulikuwa unalia. Sikuweza kukuona unalia."

Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyesikia bei ya kitu. "Nilikimbia barabarani, mume wangu. Pekupeku. Niliwaambia watu Mungu yupo."

Ningefurahi angenipiga. Aliinama akaokota pipi moja nyekundu, akaimenya karatasi yake bila haraka, akaitia mdomoni. Ukumbi mzima uliisikia ikivunjika menoni mwake. Akaitafuna mpaka ikaisha, akafuta mdomo kwa kiganja, akakifuata kipaza sauti.

"Ndugu zangu wa Kinywa Safi," akasema. Sauti ilikuwa ya kawaida kabisa. "Na ninyi wa Hesabu Kwanza, msicheke, habari zenu nazo zinakuja. Mama anapumua. Gari liko njiani. Mpaka lifike, fundi wenu ana habari ya kuwapa kuhusu magauni mliyoyavaa. Asitoke mtu."

Wanawake wakaanza kujishika mbavuni. Kwanza wa kulia, kisha wa kushoto. Mmoja akasimama, na wa nyuma yake akasimama, na mlango ulikuwa upande wao.

Mke wangu akaniwekea kipaza sauti mkononi, akavifunga vidole vyangu juu yake.

"Anza na langu," akasema.